Kopo Lililotembea Barabarani

Mama mkwe wangu ameshona nguo za watu maisha yake yote kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu wake haujakubali kwamba amestaafu. Ukimweka kwenye usukani, mguu huo unakanyaga mafuta kama unapiga pindo, juu chini, juu chini. Gari linaruka, na mimi mwalimu wake wa udereva nabaki nimeng'ang'ania dashibodi. Nikimwambia atulize mguu ndiyo kwanza nauchochea, maana akiuwaza tu, unaanza kushona.

Alishafeli mtihani mara mbili. Safari hii ilikuwa ya mwisho, si kwa sheria, bali kwa wanawe. Marehemu mumewe aliacha gari uani, limefunikwa turubai tangu mazishi, na shemeji yangu mkubwa alishalitafutia mnunuzi. Walikubaliana hivi: mama akipita, gari ni lake, akifeli, mnunuzi analichukua jioni ile ile. Asubuhi mke wangu alinitolea macho nikivaa viatu, akaniambia nisirudi na habari mbaya. Utadhani mguu ni wangu.

Tulikuwa njiani kwenda kwenye mtihani, yeye akiendesha gari langu, tulipoona kopo likitembea barabarani. Si kwamba lilisukumwa na upepo. Hata jani halikutikisika. Lilikwenda mbele kidogo, likagonga ukingo wa lami, likarudi nyuma, likageuka, likaanza upya. Tuliposogea tukaona lina mwili wa madoadoa nyuma yake, na mkia mrefu kuliko huo mwili.

"Kenge," nikasema. "Mpite kulia, Mama."

Hakumpita. Alisimama katikati ya njia, akazima gari, akashuka. Nikawasha taa za tahadhari nikamfuata shingo upande.

Mimi kenge simpendi, na sioni haya kusema. Mama mkwe yeye alichuchumaa karibu, akamkazia macho kama anayekagua kitambaa asichowahi kukiona. Alitaka kujua mnyama anapumuaje humo ndani, na alifuata nini, na kwa nini kichwa kilichoingia kisiweze kutoka. Nikamwambia maswali hayo tutayauliza tukimaliza mtihani, tumeshachelewa. Akanijibu bila kugeuka kwamba mtihani una watu wa kuungoja, huyu hana.

Akarudi garini, akachomoa kitambaa cha kiti changu, akamtupia kenge, akambana kwa magoti. Mkia ukanichapa muundi. Aliponiambia nivute kopo nikavuta, na kenge mzima akaja nalo, akifoka ndani kwa ndani kama sufuria ya maji ya chai.

"Acha, mwanangu. Unamchinja."

Alikuwa amepitisha kidole mdomoni mwa kopo. Lilikuwa la nyanya, tena mtu alilifungua kwa kisu, akakandamiza mfuniko ndani, meno ya bati yakaelekea chini. Kuingia yalimpisha, akirudi nyuma yanamchoma shingo. Basi yeye akawa analisukuma kopo kichwani taratibu, na mimi kwa koleo niliyoitoa kwenye buti nakunja jino moja moja kuelekea nje, jasho likinitiririka. Magari yalipiga honi nyuma yetu. Dereva mmoja akauliza kama tunamwandaa kwa chakula cha mchana; baadaye honi zikanyamaza, maana wenyewe walishashuka kuja kutazama na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Kopo likatoka. Kenge akabaki pale, uso mwekundu kwa nyanya, akipepesa macho. Akatoa ulimi, akaunusa mkono wa Mama, akaukwaruza kwa ukucha, akatokomea majanini. Mama mkwe akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, na kusema kweli moyo wangu ulilainika, muundi ukiniuma vile vile.

Tulimkuta mtahini anajiandaa kuondoka. Ni mtu mkavu, hana salamu ndefu. Alimpokea Mama kwa shingo upande, halafu akaona damu mkononi na nyanya kwenye gauni, akauliza kulikoni. Mama alianza kumsimulia akifunga mkanda, nao wakaondoka.

Nilikaa kwenye benchi, macho nimefumba, nikingoja ngurumo za cherehani. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, gari lilikuwa linapita mbele yangu limetulia kabisa. Mama anaongea, mkono mmoja ukiacha usukani kidogo kuonyesha urefu wa mkia. Mtahini amemgeukia, kalamu imemfia mkononi. Wakazunguka tena. Wakarudi kinyumenyume, wakaegesha. Mama alipozima, mtahini hakushuka. Alikuwa anauliza kama kenge aliona mwanga wowote mle ndani.

"Hata mimi hilo ndilo linanisumbua," akasema Mama. Kisha akauliza mtihani utaanza saa ngapi.

"Umeisha, mama. Umepita."

Akautazama mguu wake muda mrefu, kama umemficha kitu.

Nyumbani hakukaa hata kunywa maji. Alivuta turubai akaliacha chini, akaingia kwenye gari la mumewe, akawasha. Betri nilikuwa nimeichaji kwa siri, sikumwambia mtu. Nikashika mlango wa pili nipande kama kawaida yetu, nikakuta ameufunga kwa ndani. Akashusha kioo kidogo.

"Niache leo niende peke yangu, baba."

Sikumwuliza anakwenda wapi, ingawa nilitamani sana kujua. Gari likatoka getini polepole, likakunja kona, sauti yake ikapotea.

Shemeji aliingia na mnunuzi wake muda si mrefu. Wakaliangalia turubai, wakaniangalia mimi. Shemeji akauliza gari liko wapi.

"Mwenyewe ametoka nalo," nikamwambia.