Linachemsha Kwenye Foleni Tu

Sanduku la bweni lilikaa kwenye korido tangu Ijumaa, limejaa, limefungwa kufuli, na kila aliyekwenda chooni alijigonga kidole hapo. Binti yangu alilipita na magongo yake bila kuliangalia. Nyonga yake haimruhusu kupanda mabasi mawili asubuhi na mawili jioni, na gari la kumpeleka shule lilikuwa linachemsha. Baba yake, ambaye kazi yake iko mbali na hurudi mara moja kwa mwezi, alikuwa ameshaamua kwa simu: Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu aje alivute gari, na binti aende bweni.

"Injini imekufa, mama watoto," alisema. "Injinia kasema ni gasketi ya hedi. Utang'ang'ania chuma mpaka lini?"

Injinia ni mdogo wake, shemeji yangu. Cheo alijipa mwenyewe. Hutengeneza chochote chenye skrubu, na baadhi ya vitu hupona.

"Nipe Jumapili hii," nikasema.

"Utafanya nini wewe? Utalipima mkojo?"

Mimi ni mtu wa maabara, na hiyo stashahada sikuiokota.

"Nitalipima," nikasema, nikakata simu.

Kazini kwetu unagusa kitu kimoja, unaangalia, unaandika. Ukigusa vitatu kwa pamoja hujui kipi kilikuponya wala kipi kilikuua. Jumapili saa mbili asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua boneti na daftari nikaliweka juu ya betri.

Nilianza na hiyo gasketi. Ikiungua, maji na oili huingiliana, na hewa ya injini hutoa povu kwenye maji. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, safi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikajaza maji hadi shingoni, nikawasha gari na kukodolea macho lile tundu. Hakuna povu hata moja. Nikazima, nikaandika: gasketi nzima.

Nikafungua thamostati, kile kidude kinachoruhusu maji yapite injini ikishapata joto. Nikaipeleka jikoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Maji yalipokaribia kuchemka ikaachama vizuri. Nzima. Nikairudisha, nikajazia maji yaliyomwagika.

Uso wa rejeta ulikuwa umejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Nikauosha kwa mswaki, mswaki wa baba yake binti, ule anaouacha nyumbani.

Shemeji alitokea wakati huo na kikombe chake cha chai, akaegemea ukuta.

"Shemeji, unamwosha maiti," akasema.

"Maiti haiwaki kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Kunywa chai."

Binti alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva, magongo kayalaza pembeni. Kazi yake ilikuwa kunisomea mshale wa joto. Tukawasha.

"Robo," akasema. Baada ya muda, "Nusu." Feni ikaanza kuvuma. Nikachungulia: inazunguka, tena kwa nguvu. Nikangoja mshale ushuke.

"Nusu na kidogo, mama. Bado unapanda. Mama, umekaribia pekundu."

"Zima."

Shemeji alimaliza chai yake, akageuza kikombe kumwaga makapi.

"Maji yapo, feni inazunguka, na linachemka. Nilisema hedi. Mwite fundi yeyote, atakwambia hivyo hivyo."

"Baba mdogo, wewe ndiye fundi tuliyemwita," binti akasema.

Nilitazama daftari. Kila nilichopima kilikuwa kizima, na gari lilikuwa linaumwa. Ikiwa hivyo maabara, basi kuna kitu umekiona kwa macho ukadhani umekipima. Tena kwenye barabara kuu, likikimbia, gari hili halikuwahi kutusumbua. Lilichemsha kwenye foleni tu, na foleni ndefu kuliko zote ni ile ya kwenda shule.

Tukangoja injini ipoe, saa nzima. Tukawasha tena. Safari hii nilisimama mbele ya gari, nimejifunga kitenge juu ya suruali. Feni ilipoanza, kitenge kikapepea kuja nyuma yangu, na miguu yangu ikapata joto kama nimesimama mbele ya oveni.

Feni ile iko nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta upepo wa nje upite ndani ya rejeta kuelekea kwenye injini. Kitenge kilitakiwa kuvutwa kwenye gari.

Nikachana karatasi ya daftari, nikaiweka kwenye nyavu za mbele. Ikaruka hadi mtaroni.

"Zima," nikamwambia binti. Nikamgeukia yule mtu wa skrubu. "Shemeji, feni hii uliifunga wewe?"

"Mwezi uliopita. Ile ya zamani iliungua."

"Plagi yake iliingia?"

"Ilitoka gari jingine, ikakataa. Nikakata, nikaunga nyaya. Nyaya mbili tu, shemeji. Zingekosewa vipi?"

"Kwa kubadilishana. Inazunguka kinyumenyume. Gari likikimbia, upepo wa barabara unaishinda. Likisimama, inasukuma hewa ya moto ya injini kwenye rejeta badala ya kuvuta ya baridi kutoka nje."

"Lakini ilikuwa inazunguka," akasema. Alisema polepole, akiitazama ile karatasi mtaroni.

Nikatoa waya wa betri, nikakata tepu ya nyaya za feni, nikabadilisha ile miunganisho miwili, nikafunga tepu mpya. Dakika kumi. Shemeji alinishikia koleo bila kuombwa.

Feni ilipowaka tena, karatasi nyingine ilinata kwenye nyavu. "Nusu," binti akasema. "Umesimama. Unashuka, mama." Sauti yake ilipasuka kidogo, nikajifanya sikusikia kwa sababu yangu nayo isingekuwa nzima.

Uani si barabarani. Niliwabeba wote wawili, dumu la maji likiwa mapajani kwa shemeji, tukaenda njia ya sokoni, ambako Jumapili magari hutambaa. Tulikaa kwenye foleni dakika hamsini. Mshale haukuvuka nusu. Nikasimama pembeni, nikampigia baba yake binti.

"Mpigie mnunuzi mwambie asije."

"Gasketi je?"

"Muulize mdogo wako, yuko hapa."

Shemeji alichukua simu, akakohoa. "Kaka, ilikuwa feni. Nilifunga nyaya vibaya." Akasikiliza. "Hapana, hakuna aliyenishikia kisu."

Simu ikanirudia. "Na likichemka tena Jumanne?" baba yake akauliza.

"Nitalipima Jumanne. Binti anabaki."

Jioni tulifungua kufuli la sanduku. Nguo zilirudi kabatini. Kwenye sanduku nikapanga spana, koleo, tepu, daftari na ule mswaki, na shemeji akalibeba hadi kwenye buti ya gari. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu binti alikuwa ameshakaa mbele, mkanda ameufunga, ananiuliza ninachelewea nini.