Siku Tatu Majini

Lilikuwa swali la kumi na nne kwenye fomu, na Ramla alilichukia kuliko maswali yote aliyowahi kuuliza watu: mihogo yenu mnailoweka siku ngapi?

Kila mwanamke wa Kindu, huku Kongo, ana jibu lake tayari. Hata umwamshe usingizini, atakuambia siku tatu. Muhogo mchungu unakaa majini siku tatu mpaka ulainike na unuke, sumu itoke, ndipo uuanike, uutwange, upate unga wa bukari, ugali wetu. Anayeutoa mapema ni mvivu, au ana njaa nyumbani, na hakuna hata moja kati ya hayo la kumwambia mgeni aliyeshika kalamu.

Sasa turudi mwaka wa 2002. Askari walikuwa wamejaa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai wamejaa msituni, treni imelala kituoni, na shamba hata la jirani lilikuwa mbali kama Ulaya. Ramla alikuwa na miaka ishirini na sita, msaidizi wa Profesa Zéphirin, mwalimu wa biolojia ambaye vita haikumwachia kitu ila miwani na rundo la fomu. Katika mitaa ya Kasuku watoto walikuwa wanalala wazima na kuamka miguu imekakamaa, wanatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Profesa alishuku mambo mawili, muhogo au maji ya visima. Akamtuma Ramla kwenye nyumba themanini.

Siku tatu, walisema wanawake, uso mkavu. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Na Ramla alijua kwamba ni uongo mtupu, asingejuaje? Muhogo ukifika siku ya pili majini unaanza kunuka, harufu inaruka ukuta, na wenye bunduki walikuwa wanaifuata harufu hiyo kama mbwa, wanabeba beseni na vilivyomo. Mji mzima ulikuwa unautoa muhogo baada ya usiku mmoja, kabla haujanuka. Nani angemwambia mtu mwenye karatasi? Karatasi ile ingeishia mikononi mwa nani? Wakasema tatu, naye akaandika tatu.

Nyumba ya arobaini na moja ilikuwa yake mwenyewe. Aliishi na Malaika, binti wa kaka yake Ayoubu, aliyekimbilia Pangi na hakusikika tena. Malaika alikuwa na miaka minane. Kila alfajiri Ramla alimtuma kwenye beseni, naye alizamisha mikono na kutoa mihogo ingali migumu. Siku hiyo Ramla alikaa na kalamu muda mrefu mbele ya swali la kumi na nne. Angeandika moja, na Profesa angesoma. Angemwona ni mwanamke wa ovyo, msomi mzima anayemlisha mtoto wa kaka yake muhogo mbichi. Aibu ikamshika. Akaandika tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Profesa alijumlisha. Nyumba zenye wagonjwa, siku tatu. Nyumba zisizo na wagonjwa, siku tatu. "Basi si muhogo," alisema, na akafurahi, maskini ya Mungu. Akaandika kwenye ripoti kwamba shaka yote iko kwenye visima na watu wachemshe maji. Watu wakachemsha maji, wakanywa, wakala bukari ile ile. Wiki tatu baadaye Malaika alimwita kutoka mkekani, bila kulia.

"Shangazi, miguu inakataa."

Ilikataa siku hiyo na inakataa mpaka leo.

Malaika aliuliza akiwa na miaka tisa, akauliza akiwa na kumi na tano, akauliza tena alipotaka kuolewa: ilikuwa nini? Kila mara Ramla alimjibu, "Ilikuwa maji ya kisima, mama." Profesa alikwisha kufa, amani ikarudi kwa namna yake, na Ramla mwenyewe akasoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu. Alisoma vitabu vya madaktari waliouchunguza ugonjwa huo kwingine, akajua bila shaka yoyote kwamba ni muhogo. Akanyamaza. Miaka ishirini na zaidi mtu mzima ananyamaza, na hapo hapo anasimama darasani kuwafundisha vijana ukweli wa utafiti!

Mwaka huu watoto wa Kasuku wakaanza tena kutembea kwa vidole. Mji umejaa watu waliokimbia vita ya mashariki, na vyungu ni vile vile, hakuna tena anayeweza kungoja siku tatu. Chuo kikakusanya watu wake: wa ualimu wahesabu watoto waliokosa darasa, wa afya wapime miguu, wahandisi wapime pampu na visima, wa mazingira wachimbe udongo. Ramla alisimama mkutanoni.

"Swali la kumi na nne liondoke," alisema. "Musiulize. Muombe kuona beseni, mushike muhogo kwa mukono."

Odette, kiongozi wa utafiti, alimjibu kwa heshima zote. "Mama Profesa, tukibadilisha swali, tutalinganisha namna gani na matokeo ya 2002?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Ilibaki kusema tu kwamba matokeo yale ni uongo na mmoja wa waongo ni yeye. Akakaa kitini, akajichukia. Usiku kucha alijiambia, basi angalau nyumba moja iujue ukweli. Asubuhi akapanda pikipiki na mwanafunzi wake Destin, mwenye fomu, wakaenda kwa Malaika.

Malaika alikuwa kwenye cherehani yake ya mkono, fimbo zake mbili zimeegemea ukuta. Ndani walikuwa watu kumi na mmoja, ndugu za mume wake kutoka mashariki. Uani muhogo ulikuwa umeanikwa, mweupe. Ramla akaokota kipande. Uliolowa vizuri humomonyoka vidoleni; huu ulikuwa mgumu, hauna harufu yoyote. Karibu na hapo sufuria ya maji ilikuwa inachemka.

"Maji ya Safi," Malaika alisema, na ulisikia fahari sautini. Safi ni binti yake, ana miaka sita. "Hakunywaka maji mabichi hata siku moja."

Ramla akakirudisha kipande kile mahali pake.

Destin akafika kwenye swali la kumi na nne. "Mama, mihogo munalowesha siku ngapi?"

"Tatu."

"Usiandike," Ramla alisema. "Malaika, ni siku moja."

"Shangazi, kuko mugeni hapa."

"Hata mwaka ule ilikuwa siku moja. Niliandika tatu kwa mukono wangu. Haikukuwa maji ya kisima, mama. Ilikuwa muhogo. Nimejua miaka yote hii, nikakudanganya."

Malaika aliitazama sufuria inayochemka.

"Mimi njo nilikuwa naitoa majini," alisema.

"Mimi njo nilikutuma."

"Kuni yangu yote inaishia pale, Shangazi. Kila siku. Najinyima, nachemusha."

"Acha huu muhogo. Urudishe majini, ungoje. Leo nitaleta muchele."

"Na juma lijalo?" Malaika aliuliza. "Watu kumi na mmoja. Siku hizo tatu za kungoja, watakula nini?"

Ramla, mwenye vyeti ukutani na wanafunzi mia mbili, alihesabu siku. Mchele wake ungewatosha mpaka Ijumaa, labda Jumamosi. Mitaa yote ile ilikuwa na beseni za namna hiyo hiyo.

Malaika akamgeukia Destin. "Andika tatu, kijana. Ndugu za bwana yangu wasisikie kama nawapa sumu. Mwenye nyumba njo mimi."

Destin akamtazama mwalimu wake. Ramla mwenyewe ndiye aliyemfundisha darasani kwamba jibu ni la mwenye nyumba, mtafiti haongezi wala hapunguzi. Ramla akafungua kinywa, akamwona Malaika akizivuta fimbo zake apate kusimama mbele ya wageni, akakifunga. Destin akaandika.

Safi akatoka ndani na kikombe, amekishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Imechemuka, Bibi," alisema. "Kunywa, haina ugonjwa."

Ramla alikipokea, akanywa yote. Mtoto akarudi mbio kuelekea mlangoni, na Ramla akainama kidogo kwenye kiti, aone kama visigino vya Safi bado vinagusa chini.