Kitanda cha Mwalimu Fortunat

Mwalimu Fortunat, mwalimu wa dini kutoka nyumbani, alikuwa anakuja Landani kuendesha semina ya vijana, na jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wa Edmonton ilitafuta nyumba ya kumlaza. Walikutana kwa Mama Placida, Jumapili mchana, rozari imeisha, sambusa zinazunguka. Kila mtu akatoa udhuru wake. Huyu ana wapangaji, yule mkewe anafanya zamu za usiku, wa tatu watoto wanalala sebuleni. Watu wetu ndivyo walivyo siku zote: kumsifu mgeni, wote wapo; kumlaza, hakuna.

Ndipo Mama Placida akamgeukia Samson.

"Nyinyi mabachela wawili mna nyumba nzima. Hamna mke, hamna mtoto. Vyumba mnavifuga?"

Watu wakacheka. Samson alikijua kicheko kile, alikuwa amekisikia kikikua mwaka hadi mwaka. Yeye ni dereva wa basi, mtu wa chama cha wafanyakazi, hajawahi kumwogopa meneja yeyote. Lakini kicheko cha jumuiya kilikuwa kinamtafuna. Akaona hapa ndipo pa kukifunga: wakimpokea mtu wa Mungu ndani ya nyumba yao, nani tena atanong'ona?

"Aje kwetu," akasema. "Atalala chumba cha Protas."

Protas, mwenzake wa nyumba, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliweka sambusa yake chini bila kuiuma, akatoka nje bila koti.

Chumba cha Protas kilikuwa uongo. Kitanda kile hakijalaliwa tangu kinunuliwe. Kila jumuiya ilipokaribia kuja kusali kwao, Protas alivuruga shuka kidogo na kutupa soksi sakafuni, kwa sababu baada ya sala watu hupita na maji ya baraka chumba kwa chumba, na macho ya watu wetu hubariki mpaka ndani ya kabati. Wakishaondoka, wawili hao hurudi chumba cha nyuma walalako, kama wanavyolala watu wanaopendana.

Isipokuwa Samson hakuruhusiwa kumshika Protas shingoni. Akirudi zamu ya usiku, alipaswa kukohoa kwenye ngazi kabla hajapanda, la sivyo angemkuta mwenzake amesimama kwenye kona akitetemeka, amekunja ngumi. Alikuwa ameuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza akiwa amelewa. Alichopewa ni mizaha. Nilifukuzwa na mbwa nikiwa mdogo, Protas humwambia, na kesho yake mbwa anageuka kuwa nyuki. Samson alichoka. Alimpenda mtu ambaye nusu yake imefungiwa mahali, na hasira ya kutokuwa na ufunguo ilikuwa imeanza kufanana na mapenzi yenyewe, hata hakujua tena kipi ni kipi.

Walipokuwa wakitembea kurudi nyumbani, Protas alisema mgeni atafutiwe kwingine. Samson akamuuliza kama anamfahamu.

"Alikuwa patroni wa bweni letu shuleni."

Samson akabishana peke yake mpaka mlangoni.

Wiki ile alimsukuma kila siku. Alisuta, akanuna, akampigia simu akiwa kazini, Protas akiwa anamlisha uji mzee wa Kiingereza aliyeajiriwa kumtunza. Jumatano jioni, jikoni, akasema neno ambalo mtu mwenye huruma asingelisema: kama huniambii, namlaza, na asubuhi namkaangia mayai.

Protas alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

"Alikuwa anakuja na tochi. Anamulika vitanda, halafu anakuita ukamsaidie kupanga vitabu vya kwaya. Sauti yangu ilikuwa haijavunjika bado. Alikuwa ananiita mimi. Mpaka namaliza shule ananiita, Samson, na sijawahi kugusa kitabu hata kimoja."

Maji yaliendelea kutiririka. Samson alitaka kumkumbatia, akakumbuka hawezi kwa nyuma, akabaki na mikono hewani kama mjinga. Kisha likaja lile analolijua: kupiga kelele. Atasimama mbele ya jumuiya. Atakwenda polisi, atakwenda kwa paroko, atalibandika jina la Fortunat kila ukuta wa Edmonton.

"Hapana," Protas akasema. "Piga simu useme boila imekufa, hakuna maji ya moto. Watampeleka kwingine. Ataondoka."

"Ni semina ya vijana, Protas."

"Najua ni ya nini. Nikiwa tayari nitasema mwenyewe. Wewe piga simu ya boila. Niahidi."

Samson akaahidi.

Hakupiga. Alhamisi aliishika simu akairudisha mfukoni. Ijumaa vilevile. Alijiambia kwamba mikono inakataa kumtunzia heshima mtu yule, kwamba sisi tumezidi kuwafunika wakubwa zetu, tunavuka bahari tukiwa na dagaa, na vitenge, na ile adabu ya kutomuuliza mzee kitu. Yote kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba alitaka kuuona uso wa mtu huyo.

Jumamosi mchana gari likasimama nje. Mama Placida alishuka kwanza na hotpoti ya pilau, kisha mzee mwembamba, kifaa cha kusikia sikioni, anatabasamu.

"Tumsifu Yesu Kristo," mzee akasema.

Samson alikuwa amejaza mlango. Mama Placida ndiye aliyeitikia, kwa sauti ndogo.

"Protas yupo?" mzee akauliza. "Nimeambiwa yuko hapa. Mtoto wangu wa kwaya huyo, wa bweni langu."

"Hulali hapa," Samson akasema. "Unajua kwa nini. Na semina yako nitakuja, nikae mstari wa mbele, nikuulize habari za tochi."

Tabasamu la mzee halikuanguka. Lilikauka tu palepale lilipo. Akasema atawaombea. Akajirudisha garini mwenyewe, akafunga mkanda. Mama Placida alimtazama mzee, akamtazama Samson, akainua macho kwenye dirisha la juu, la vyumba vya kulala. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameelewa yote kwa mpigo mmoja: bweni, na chumba, na mabachela.

Samson alifunga mlango akiwa na furaha ya ajabu. Aligeuka akitegemea kushukuriwa.

Protas alikuwa kwenye ngazi, begi mkononi.

"Nilikuomba boila."

"Ningemwachaje? Kuna watoto kule."

"Watoto unawakumbuka leo. Tangu Jumatano ungeniambia, Protas, kuna watoto, twende wote tukaseme. Labda ningekwenda. Umengoja mpaka aje mlangoni ili uonekane." Sauti yake haikupanda. "Ni kitu changu, Samson. Kimoja. Umekitoa nje mbele ya pilau."

"Nakupenda."

"Na yeye alikuwa anasema hivyo. Sogea."

Alikuwa anakwenda mtaa wa Peckham kwa dada yake, Jacqueline. Samson aliweka mkono kwenye kitasa, akausimamisha mwili wake wote mbele ya mlango, mabega yaleyale yaliyomzuia mzee. Alikuwa na hoja, alikuwa na hoja nyingi na zote nzuri. Akaanza ya kwanza. Protas alirudi nyuma mpaka kwenye kona ya ukuta, akakunja ngumi, na macho yake hayakuwa yanamtazama Samson tena bali mtu mwingine aliyesimama mahali pale pale.

Samson akaiona sura ile mchana, kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyeileta.

Akasogea.