Rangi ya Kitinda

…au njano, njano ingefaa, si ile ya kupiga kelele, ile iliyotulia ya kiini cha yai, na Kitinda akapitisha brashi juu ya shati lake mwenyewe pale kwenye kioo cha kompyuta, shati likageuka, akajitazama amesimama kati ya ndugu zake waliofifia, wao kijivu kama majivu ya jana, yeye peke yake anawaka kama tangazo la sabuni, akaona aibu, akafuta, shati likarudi kijivu, na liliporudi kijivu yeye mwenyewe hakuonekana tena, rangi ya uso peke yake haikutosha, akazama pamoja na ukuta na pazia na shemeji, mama wee, sasa nifanyeje, maana kazi ya kumtokeza mtu kwenye picha anaifanya hata akiwa anasinzia, unamzungushia mtu brashi polepole, masikio, nywele, vidole, halafu kila kilichobaki unakinyonya rangi, na yule mmoja anabaki na zake, jicho la mtazamaji linamwendea lenyewe bila kutumwa, ameifanyia maharusi, wahitimu, watoto wa watu, lakini unayemwachia rangi sharti awe nayo kwanza, na yeye siku ya picha hii alivaa kijivu kama anavyovaa siku zote, kwa sababu bosi wake wa kwanza pale studio alimwambia mpiga picha havai rangi, rangi ya nguo yako inaruka na kumwangukia mteja, ukivaa nyekundu bibi harusi atatoka kama ameungua, na neno hilo Kitinda akalishika kama dini, kabati lake ukilifungua utadhani kuna moshi ndani, na leo ndiyo faida yake, kinyozi hajinyoi, anajua kuwatokeza watu wote duniani isipokuwa…

"Kitinda, umemaliza?" dada mkubwa huyo, yuko sebuleni anamkata mama kucha, mlango uko wazi, tak, kucha moja, tak, nyingine, "Bado, dada," akajibu bila kugeuka, na dada akasema jambo fulani kuhusu printa na wino, chagua rangi basi kesho tukanunue blauzi, mbona kazi ndogo hivyo inakutoa jasho, kazi ndogo, ndiyo, kwa wengine ilikuwa ndogo, muuguzi anayemwona mama tangu aanze kusahau watu ndiye aliyesema mama yenu akiona sura nyingi kwa mpigo zinamchanganya, mwonyesheni mmoja mmoja, na kaka mkubwa, ambaye hajawahi kusikia wazo asilirukie, akasema basi, ile picha ya siku niliyohamia nyumba mpya, tupo wote, na fundi wa picha tunaye humuhumu ndani, ichapwe tena na tena, kila nakala mmoja wetu awe na rangi na wengine wafifie, na ikafanya kazi, nani angeamini, mama alipoona shati la kijani akapiga makofi, huyu si kifungua mimba wangu huyu, alipoona kilemba chekundu akasema huyu binti yangu wa amri, na dada akacheka mpaka machozi yakamtoka, hata shemeji na fulana yake ya buluu akajulikana, huyu ndiye anayemaliza nyama kwenye bakuli, shemeji hakukasirika, alifurahi kama kapewa cheo, lakini kaka alipokuja siku nyingine amevaa shati jeupe, mama alimkaribisha kiti kwa heshima zote akamuuliza ametumwa na nani, kaka akageuka, akaenda kwake, akavaa la kijani, akaingia upya, na mama akafungua mikono, kwa hiyo sasa kaka ana shati moja tu duniani, analifua usiku na asubuhi analivaa likiwa bichi, kazini wanamwita Mchicha, na dada kilemba hakivui hata jikoni, basi hii rangi ambayo Kitinda anaitafuta si ya picha, ndiyo atakayoingia nayo mlango ule kila siku mpaka, mpaka lini, usiseme, na mama akimtambua atakuwa amemtambua mtoto au amelitambua shati, na kuna tofauti gani, na ikiwa hakuna tofauti mbona roho inamuuma hivi.

Jaribu zambarau, akajaribu zambarau, huyo sasa ni nani, mwimbaji wa kwaya, futa, jaribu buluu, buluu ya shemeji, mama atamwita mla nyama, futa, na isitoshe kila rangi ni uongo, wale wengine aliwaachia walichokuwa nacho, hakumvalisha mtu chochote, yeye anajivalisha, anakwenda kumdanganya mgonjwa, mama mzazi, eti hivi ndivyo nilivyokuwa, wakati mama mwenyewe akili zikiwa zake alikuwa akimwona tu anaanza, umefiwa na nani wewe, mtoto wa kike nguo rangi ya vumbi, utaolewa na ukuta, na wote mezani wanacheka, na Kitinda naye anacheka, halafu anakwenda kuosha vyombo kwa nguvu kupita kiasi, miaka yote hiyo hakumbuki kusikia neno moja laini, labda yalikuwepo, kitinda mimba wanasema ndiye hudekezwa, yeye labda kudekezwa kwake kulipitwa na wakati, waliomtangulia walimaliza, na sasa tazama maajabu, siku ya kwanza mama kumsahau aliingia na begi la kamera begani, mama akamtazama toka kichwani mpaka miguuni akasema, "Karibu, fundi," Kitinda akacheka, akadhani utani, mama hakuwa na utani, "Kaa, fundi, umechoka," na tangu hapo ni fundi, fundi kunywa maji, fundi leo umechelewa, na alilia, ndiyo, alikwenda bafuni akafungua bomba ili asisikike, lakini lile la pili ndilo hajamwambia mtu, si dada wala kaka, kwamba siku moja wakiwa wawili tu mama alimsogelea kama anayetoa siri ya jirani akasema, "Fundi, ninaye mmoja anafanya kazi kama yako hii. Wa mwisho. Wenzake nawapenda kwa zamu, yule sina zamu naye. Akicheka nyumba nzima inakaa sawa. Ila usimwambie, atavimba kichwa," na Kitinda alikaa pale na kikombe mkononi, hakuvimba kichwa wala nini, akasema, "Sitamwambia, mama," na mama akampiga kofi dogo gotini, "Mzuri wewe, una siri."

Basi ndiyo hivyo, ndiyo inayomchanganya, tak, kucha nyingine sebuleni, maana akipaka njano na mama akapiga makofi, huyu hapa kitinda mimba wangu, fundi atakwenda wapi, fundi ndiye anayeambiwa, mtoto ataambiwa nini, ataulizwa amefiwa na nani, na asipopaka chochote atabaki kusifiwa na mama yake kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili, anapendwa mbele ya macho yake na hawezi kusema ni mimi, halafu siku moja hata fundi atasahaulika, muuguzi alisema hivyo kwa upole, itafika, basi yupi mwizi, yupi mwema, fundi au mtoto, anataka ajulikane, hataki ajulikane, anataka vyote viwili, mchelea mwana kulia hulia yeye, lo, hata methali inaingia isikohusika, kichwa kimekuwa soko, "Kitinda wewe," dada tena, "nakuja, dada," haji, ameshika mausi, akaamua aanze upya, akafuta majaribio yote, shati likawa lilivyokuwa, kijivu cha kwelikweli, akajizungushia brashi kama angekuwa mteja, bega, shingo, sikio, bila huruma, halafu akawanyonya rangi waliobaki, kijani cha kaka kikaenda, kilemba cha dada kikaenda, gauni la mama la rangi ya chungwa, lile kubwa ambalo siku ile kila mtu alisema mama umependeza, nalo likaenda, mama akawa moshi, na Kitinda akajiangalia, kijivu kati ya kijivu, akataka kucheka, na ndipo akaona uchafu.

Chini ya kidevu chake, na upande mmoja wa shingo, ukashuka mpaka kwenye mkono wa shati, rangi ya chungwa, nyepesi, kama mtu aliyekaa karibu na jiko, na mkono wake wenye mazoea ukaenda wenyewe kwenye brashi ya kusafisha, maana hii ni kasoro inayojulikana, rangi imeruka kutoka kwa jirani, unaipangusa mteja asije akauliza amepakwa nini, brashi ikafika juu ya kidevu, ikasimama, ngoja, imeruka kutoka kwa nani, akairudisha picha yote na rangi zake, akatazama, gauni la mama, na dada yuko upande wa pili wa mama, karibu vilevile, shingoni hana kitu, kilemba chekundu na shavu safi, kaka yuko nyuma, hana kitu, ni yeye tu, na rangi hairuki mbali, hili analijua kuliko jina lake, ili ikupate shingoni hivi sharti mtu awe amekubana, na sasa anakumbuka, alitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia, akasimama pembeni kabisa, nusu ndani nusu nje, kama kawaida yake, mkono wa mama ukatoka nyuma ya mgongo wa shemeji ukamkamata shati, "Hebu sogea huku, unasimama kama mgeni kwenu," akavutwa, akakasirika, alinung'unika kwamba shati litakunjamana, akanyoosha uso kwa ajili ya kamera, na mkono ule haukuondoka, kwenye picha hauonekani, umo mgongoni mwake, ila rangi yake hii hapa imemwangukia, na kijivu ndivyo kilivyo, hakirushi, kinapokea, miaka yote anavaa hivi ili asimwangukie mtu na wala hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyevaa hivi ndiye aliye rahisi kuangukiwa… ataiacha, ndiyo, ataiacha hivyohivyo, hakuna blauzi, wote wafifie na mama mwenyewe afifie na abaki hiki kidogo shingoni, kama mama atakiona atakiona, na kama hatakiona, hajui, bado hajui, hajui hata nani atapeleka picha hii sebuleni, fundi au mtoto, lakini kutojua huku hakumwogopeshi kama dakika chache zilizopita, kumekaa tu kifuani, kuzito na kwa moto, na anampenda mama yake, basi, hilo alisema kimoyomoyo bila kulipamba, ninampenda huyu mama.

"Fundi!" mama sasa, sauti yake yenyewe, ile ya kuita watoto waje wale.

"Abee!" ikamtoka, hakuipanga, ilitoka ndefu na nyembamba kama ilivyokuwa ikitoka uani zamani, na sebuleni mkasi wa kucha ukasimama, na Kitinda alikuwa bado ameshika mausi, brashi bado iko juu ya kidevu, hajafuta, hajachapa, akamsikia mama akimwuliza dada polepole, "Mbona huyu fundi anaitika kama wangu?"