Nchi ya Waya Mmoja

Tungiko ni nchi iliyojibanza ndani ya korongo refu lenye kuta za mawe meusi, ambako jua huchungulia kidogo adhuhuri na kujiondokea, hivyo watu wake huhitaji taa mchana kama watu wa nchi nyingine wanavyozihitaji usiku. Juu kabisa, penye maporomoko, kuna mtambo wa maji unaofua umeme. Chini ya mtambo kuna Ikulu, chini ya Ikulu nyumba za Madiwani wa Safu, kisha wafanyabiashara, kisha walimu, kisha wachonga mawe, hadi mwisho wa korongo, kwenye unyevu na konokono, ilipo wodi ya wazazi. Waya ni mmoja. Unatoka mtamboni, unaingia Ikulu na kupita ndani ya taa yake, unatoka, unaingia nyumba ya pili na kupita ndani ya taa yake, na kuendelea hivyo nyumba kwa nyumba mpaka uimalize nchi nzima, ndipo unarudi mtamboni kwa nyuma ya mwamba.

Waasisi waliuita mpango huo Umoja, wakautungia wimbo, na tangu hapo hakuna aliyetaka kuuangalia vizuri. Nyumba mpya ikiongezwa, taa zote hufifia kidogo. Hakuna anayeweza kuzima yake bila kuzima za wengine, kwa hiyo watu hulala wamezifunika taa kwa vikapu. Kandili zimepigwa marufuku, kwa kuwa mwenye mwanga wake peke yake anaidharau safu. Na taa moja ikiungua, njia inakatika na nchi yote inaingia gizani, kuanzia Ikulu hadi wodini.

Hapo ndipo kila mtu husimama mlangoni pake, na Wakaguzi hushuka na taa moja nzima mkononi. Wanatoa taa ya nyumba, wanatia yao, wakiona giza bado wanairudisha ya mwenyewe na kwenda nyumba inayofuata. Mahali mwanga uliporudi ndipo penye hatia. Mwenye nyumba hiyo huilaza taa iliyokufa kwenye sinia na kupanda nayo mlango kwa mlango, akiomba radhi, huku akisimuliwa kila mahali maharage ya nani yameungua na nani amejigonga ugoko. Wachonga mawe wamepanda sana na masinia. Ikulu ikiunguza taa, jambo ambalo hutokea pia, husemwa kwamba Mtukufu amepumzika.

Lakini kinachochosha zaidi ni imani yao. Wana-Tungiko wote, wasomi na wasiosoma, wanaamini kwamba umeme ni kama sufuria la uji: anayepakua kwanza anapata mzito, na wa mwisho anakwangua. Kwa imani hiyo watu wameuza mashamba na kuoza mabinti ili wasogee nyumba moja karibu na mtambo. Diwani mmoja huwaambia wageni sebuleni kwake wasikie jinsi mwanga wa pale ulivyo mbichi, na wageni hufumba macho na kukubali. Mtawala mwenyewe haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mtangulizi, kwa sababu taa yake ni ya kwanza.

Mtangulizi Gahamba alipoingia madarakani aliona taa ya Ikulu ni ndogo kwa hadhi yake. Akaagiza kubwa zaidi, yenye uzi mnene ndani. Ilipowashwa, ilitoa mwanga wa chai. Akaagiza nyingine kubwa kuliko hiyo, ikatoa mwanga wa chai ya jana. Aliendelea hivyo mpaka sebule ya Ikulu ikaning'inizwa taa ya ukubwa wa boga, inayowaka kama kaa linalokaribia kuwa jivu, na mawaziri wakajifunza kusoma kwa kupapasa. Ndipo Mkaguzi mmoja akaleta habari kwamba taa inayong'aa kuliko zote nchini iko mkiani, wodini, na ni ndogo kama limau.

Mtangulizi alishuka kujionea. Alimkuta Bi Zamrata, mkunga mkuu, mwanamke asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, akimpima bintiye Nasemba aliyekuwa amekaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mtangulizi alilitazama lile limau juu ya kitanda mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akauliza wodi inamwibia namna gani. Bi Zamrata akamwelekeza kwa Mhandisi Shembaya, aliyesimama nyuma akihesabu konokono ukutani.

Mhandisi alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza ya kazi. Alilisomea, alilifanyia mtihani, akalifunga kabatini pamoja na cheti.

"Umeme unaopita Ikulu ndio huohuo unaopita hapa, Mtukufu," alisema kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. "Haupunguki njiani. Ila taa yako ina uzi mnene, unapita kiulaini. Hii uzi wake mwembamba, unapita kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayong'aa."

"Kwa hiyo kuwa wa kwanza kunanipa nini?"

Mhandisi akarudi kwa konokono wake.

Bi Zamrata aliona nafasi, akasema alichokuwa akikiomba kwa barua na kwa mdomo miaka yote: kila nyumba ipewe waya wake wa kwenda na wa kurudi, uanze mtamboni na uishie mtamboni. Taa ya jirani ikiungua, iungue peke yake. Mwenye kutaka kulala azime. Wodi isiingie gizani mama akiwa katikati ya uchungu, eti kwa sababu ya sebule ya mtu.

Mtangulizi alifikiri kwa dhati. Hilo lazima lisemwe.

"Katika mpango huo," aliuliza, "wa kwanza ni nani?"

"Hakuna wa kwanza."

"Basi si mpango."

Akaamuru taa zibadilishwe. Limau likapanda Ikulu na kushangiliwa. Boga likashushwa wodini na kutundikwa juu ya kitanda cha Nasemba, ambako liliwaka kiasi cha kujionyesha lenyewe tu. Chini yake mkunga hakuweza kutofautisha damu na maji. Bi Zamrata alituma ombi arudishiwe taa yake. Likajibiwa kwamba wodi imepewa heshima kubwa, ishukuru.

Uchungu wa Nasemba ulianza asubuhi, nao haukuenda vizuri. Mtoto alikuwa amekaa kitako. Bi Zamrata alilitazama boga, akamtazama mwanawe, akavuta kiti. "Mama, watakufunga," Nasemba alisema kati ya uchungu na uchungu. Mama yake akamjibu ahifadhi pumzi, akapanda kitini, akalifungua boga na kuliweka sakafuni. Tungiko yote ikazimika. Kisha akawasha kandili.

Wakaguzi walishuka mbio. Hakuwaficha. Aliwaambia ameitoa taa yeye, na ataona kwa kandili mpaka mjukuu atoke. Waliitia taa yao mahali pa boga, wakangoja ushangiliaji kutoka juu. Giza. Wakaitoa, wakaitia tena. Giza. Hawakuwahi kukutana na jambo hilo: mwenye kosa amekiri, kosa limerekebishwa, na nchi bado haioni. Mchonga mawe wa jirani, ambaye mkewe alizaliwa na kuzalia wodini humo, alikuwa amesikia kelele na kuilegeza taa yake. Mwenzake wa ng'ambo akamwiga. Mwalimu mmoja akalegeza yake, akajiambia ni bahati mbaya. Nao Wakaguzi, kwa kuwa walijua kutafuta taa moja tu mbovu, walipanda na kushuka korongo zima wakitia na kutoa, na kila nyumba ikaonekana haina hatia.

"Ni ipi?" Mtangulizi alimuuliza Mhandisi katika giza la Ikulu.

"Safari hii si ipi, ni ngapi, Mtukufu. Yeyote kati ya watu wako anaweza kukuzima. Itabidi uwaombe wote."

Akashuka kwa miguu, akipapasa kuta. Milangoni palikuwa kimya. Watu walikuwa ndani, na nyuma ya mapazia mengi palionekana mwanga wa njano ambao sheria haikuutambua. Alipofika wodini alisikia kilio chembamba, cha hasira. Nasemba alikuwa hai, amelowa jasho, na Bi Zamrata alikuwa amepiga magoti akimshona. Nje Mhandisi, aliyemtangulia kufika bila kutumwa na mtu, alikuwa amebeba mizunguko miwili ya waya begani, akiuliza wodi inataka iingilie ukuta gani.

Mtangulizi alisimama katikati ya chumba, akakohoa kidogo ili atambulike.

"Na mimi," alisema, "nitakuwa wa ngapi?"

"Sogea pembeni, baba," Bi Zamrata alimwambia bila kuinua kichwa. "Unanikinga mwanga."