Kikomo Changu ni Kumi na Nane

Mtoto wa mama mkubwa alinitangulia kuzaliwa kwa wiki mbili tu, lakini ni dada yangu na hataki nisahau. Nyumbani wanamwita Kichwa. Mimi wananiita Ndimu, na ukiniuliza kwa nini nitakukunjia uso, utakuwa umeshapata jibu.

Tuliingia chuo mwaka mmoja, tukapangiwa chumba kimoja cha hosteli chenye kitanda cha ghorofa. Yeye akachukua juu. Hata hilo liliniudhi.

Siku ya kusajili masomo nilikuwa na jambo moja moyoni: Utangulizi wa Redio. Ni darasa dogo, viti ishirini tu, kwa sababu studio haichukui zaidi. Mimi nimesoma taarifa ya habari, mwiko wa mama ukiwa kipaza sauti changu, tangu sijaanza shule. Ukurasa ulipofunguka asubuhi nilibonyeza Redio kabla ya kitu kingine, nikapata kiti, kisha nikajaza masomo ya lazima mpaka ukaniandikia: Mzigo wako umefika kikomo, krediti 18. Nilifurahi, nikaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, simu ikaanza kulia. Kwenye kundi la familia mama mkubwa alikuwa ameandika: "Mwanangu kaongezewa mzigo! Wenzake wote kumi na nane, yeye ishirini na moja. Kachukua na Takwimu." Mashangazi wakamwaga makofi. Mjomba, ambaye huandika kukiwa na msiba tu, akaandika, "Damu yetu hiyo." Chini kabisa mama yangu akauliza, "Na Ndimu je?"

Na Ndimu je! Roho iliniuma mpaka chai ikawa chungu. Nikaenda moja kwa moja kwa mshauri wa masomo, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akivunja biskuti ndani ya droo ili tusione.

"Nataka ishirini na moja," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naweza."

Alizitazama alama zangu za hesabu kwenye kompyuta, akazitazama tena kwa huruma. "Mwanangu, kibali cha kuzidisha kinatoka kwa alama. Za dada yako zimemruhusu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona mwepesi kwa kuwa hujaubeba."

"Kwa hiyo Takwimu siwezi kuichukua?"

"Kuichukua unaweza, tena viti viko vitupu tele, watu wanaikimbia. Lakini lazima utoe somo jingine la krediti tatu, usivuke kikomo. Na kiti ukishakiachia hakikungoji, umenisikia?"

Nilimsikia. Nikarudi chumbani, nikafungua kompyuta. Masomo mengine yote yalikuwa ya lazima, na hesabu hiyo haikuhitaji Takwimu: la kutoa lilikuwa moja tu. Ukurasa ukaniuliza kama nina hakika. Wivu una hakika siku zote. Nikaiachia Redio, nikachukua Takwimu, nikaandika kwenye kundi, "Na Ndimu yumo Takwimu." Mama akatuma makofi mstari mzima. Utamu wake ulinitosha kama robo saa hivi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Kichwa aliingia amekumbatia kompyuta yake, anahema.

"Ndimu! Nimeingia Redio!"

"Redio gani?"

"Redio yako! Asubuhi nilikuta imejaa. Nimekaa maktaba muda wote huu nachungulia ukurasa, hata simu nimezima. Sasa hivi kuna mjinga kaachia kiti, Mungu ampe maisha marefu. Nami nimeshajaa ishirini na moja, basi nikaitupa Takwimu, nikakidaka."

"Umeitupa Takwimu?"

"Takwimu anaitaka mama, si mimi." Akajitupa kitandani kwangu. "Wewe nyumbani ukifungua mdomo watu wanaacha kula. Mimi wananiuliza alama, nikishajibu wanakugeukia wewe. Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu? Nikasema safari hii nakaa naye darasa moja. Kesho unishikie kiti, eh?"

"Kiti unacho," nikamwambia. "Ni changu."

Alicheka kwanza. Kisha akaisoma kompyuta yangu, kicheko kikamwisha.

"Mjinga ni mimi," nikasema.

"Ngoja. Toa hiyo Takwimu, kaa tayari. Naachia sasa hivi, na wewe udake."

Lakini kama yeye alikuwa akichungulia, wangapi wengine walikuwa wakichungulia? Kiti kingenyakuliwa kabla sijapepesa macho. Alijua, nami nilijua. Na nitasema kweli: nilitaka aachie. Sikuwa na matumaini ya kukipata tena, nilitaka tu asiwe nacho yeye. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Usiguse," nikasema.

"Mdogo wangu..."

"Nimesema usiguse! Ila Takwimu utanifundisha wewe. Na usije ukanisimanga."

Jioni nilijilaza kitanda cha chini na kitabu kizito cha Takwimu kifuani, ukurasa wa kwanza, sielewi kitu. Simu ikaleta ujumbe wa mama: "Hongera mwanangu, leo umemfikia dada yako." Juu yangu dada yangu alikuwa amesimamisha chupa ya mafuta mbele ya mdomo, anajizoeza taarifa ya habari. Alisoma vibaya mno, anakimbiza maneno kama anayefukuzwa. Masikio yaliniwaka kwa wivu. Nikavumilia sentensi mbili, ya tatu ikanishinda.

"Vuta pumzi kwenye nukta," nikamwambia. "Haya, anza upya."