Jirani wa Magharibi

Enzi hizo, Lin'an ikiwa bado mji mkuu wa mfalme, mtu hakuuza nyumba kama anavyouza kuku. Sheria ilimtaka awaulize kwanza ndugu, kisha majirani, maana hao walikuwa na haki ya kuinunua kabla ya mgeni. Jirani aliyenyamaza mpaka siku ya mwisho alihesabiwa ameridhia.

Bi Ruan, mjane, alikuwa anauza yake ili akaishi kwa mwanawe huko Mingzhou. Ndugu hawakuitaka. Jirani wa mashariki alicheka, akasema hata paa lake mwenyewe linamshinda. Akabaki wa magharibi, mzee Pei, mtengenezaji wa miavuli ya karatasi, na hapo ndipo Bi Ruan alipokwama.

Zamani walikuwa watu wa kuombana chumvi. Kila masika Pei na marehemu mume wa Bi Ruan walibeba pamoja kiti cha mungu wa mtaa, wakarudi wamelewa, wakiimba ovyo, naye amewawekea uji. Jamani, siku zile! Kisha mwaka mmoja moto ukazuka, bendera ya hatari ikapandishwa kwenye mnara wa walinzi, na Pei, aliyekuwa mkuu wa mtaa, akaamuru jiko la Bi Ruan livunjwe ili moto ukose njia. Ndivyo sheria ilivyotaka. Jiko likavunjwa, upepo ukageuka, moto haukufika. Bi Ruan, kwa hasira, akamwambia mbele ya mtaa mzima kwamba amemwonea mumewe wivu tangu ujana. Pei hakumjibu. Hakusema naye tena, hata kwenye matanga ya mumewe.

"Usijisumbue kumwendea," dalali aliyemletea mnunuzi alimshauri jioni ya mwisho ya muda wa sheria. "Bubu yule atanyamaza, jua litazama, biashara imekwisha."

Hilo ndilo lililomuuma. Angeondokaje mtaani kwa kimya cha Pei? Akaenda mwenyewe, dalali nyuma yake. Wakamkuta Pei barazani, akibandika karatasi kwenye vijiti vya mwanzi.

"Shemeji, nauza nyumba," Bi Ruan alisema. "Unaitaka?"

Pei aliendelea kupaka gundi. Dalali akatazama jua, akatabasamu. Bi Ruan akageuka aende zake, machozi yakimlenga.

"Naitaka," Pei alisema.

Dalali alishtuka, akauliza atailipia kwa kitu gani. Pei akaweka brashi chini.

"Sina kitu. Miavuli yangu yote hainunui hata mlango wake. Lakini sikutaka sheria iseme umeondoka na mimi nimenyamaza, shemeji."

Bi Ruan akarudi barazani. Akamwomba radhi kwa lile neno la wivu. Pei akasema neno lenyewe lilishaliwa na panya.

"Mchele upo?" Bi Ruan aliuliza.

"Upo. Lakini chumvi usizidishe, kama kawaida yako."

Bi Ruan akamwambia dalali atangulie, yeye ana uji wa kupika.